Foleni ya Presha Makambako

Makambako ni mji unaochelewa kulala. Barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Tunduma inaupasua katikati, ile ya Njombe na Songea inachepukia hapo hapo, na reli ya TAZARA nayo ina stesheni yake. Jua likizama, upepo wa nyanda za juu unaanza kukata masikio. Malori ya kwenda na kutoka Zambia na Kongo yanajipanga pembeni, madereva wanashuka na kandambili, mautingo wanazunguka wakigonga matairi, na akina mama lishe wanapepea mikaa. Nyuma ya safu hiyo ziko gesti, kati ya gesti na gesti ziko baa, na nyuma ya baa viko vilabu ambako msimu wa ulanzi ukifika hakuna anayeuliza saa.

Katikati ya miaka ya 2000, gari la kampeni ya kujikinga na VVU lilikuwa likiingia mjini hapo saa nane mchana. Madereva waliolala jana walikuwa wameshaondoka alfajiri. Wa leo bado walikuwa wanahangaika na mlima Kitonga.

Lilikuwa lori dogo ambalo ubavu wake ulifunguka ukawa jukwaa. Juu spika, nyuma jenereta lililofungwa kwa mnyororo lisitembee, ndani masanduku ya fulana, kofia, vipeperushi na kondomu. Mwandishi wa makala haya alikuwa mmoja wa vijana waliokuja nalo, na kazi yake ilikuwa kushika maiki. Ratiba haikubadilika mji hadi mji. Kwanza muziki: “Starehe” wa Ferooz, wimbo wa mtu anayeugua UKIMWI na kuyajutia aliyoyafanya, ulipigwa mpaka wapiga debe wa stendi wakaukariri. Kisha salamu, na kwa Wabena na Wahehe ukishasema “Kamwene!” umati wote unaitikia kwa furaha. Kisha ngoma, mchezo wa kuigiza wa baba mlevi na nyumba ndogo yake, onyesho la kuvaa kondomu kwa kutumia uume wa mbao uliowavunja mbavu wanawake na kuwafanya wanaume watazame pembeni, halafu maswali na zawadi. Anayetaja njia tatu za maambukizi anaondoka na fulana.

Mbele ya jukwaa walijaa watoto. Kwenye karatasi hilo halikuwa tatizo, maana fomu ya jioni ilikuwa na safu ya “waliofikiwa”, na mtoto wa darasa la pili alihesabiwa sawasawa na dereva wa lori. Wanaolipia kampeni za aina hii wana mapenzi ya ajabu na safu hiyo. Inajazika haraka, inapendeza kwenye ripoti, na haimuulizi mtu alielekea wapi muziki ulipozimwa.

Na hizo njia tatu za maambukizi, nani alikuwa hazijui? Tanzania iliripoti wagonjwa wake 3 wa kwanza mwaka 1983, mkoani Kagera, na kufikia 1986 hapakuwa na mkoa wa Bara uliosalimika. Yakaja mabango ya mafuvu na mifupa. Mwaka 1993 Redio Tanzania ikaanza kurusha mchezo wa “Twende na Wakati”, na nchi nzima ikamfahamu Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake njia nzima, ambaye mwisho wake ulikuwa UKIMWI. Nchi nzima, isipokuwa eneo la Dodoma, ambalo kwa makusudi lilirushiwa vipindi vingine hadi 1995 ili watafiti walinganishe waliosikia na wasiosikia. Desemba 31, 1999 Rais Benjamin Mkapa aliutangaza ugonjwa huo kuwa janga la taifa, na mwaka 2001 Bunge likapitisha sheria ya kuunda Tume ya Kudhibiti UKIMWI, TACAIDS. Kwa hiyo gari lilipokuwa linapiga honi kuingia Makambako, somo lilikuwa limeshatangulia zaidi ya miaka kumi.

Mama lishe mmoja aliyekuwa na banda karibu na uwanja alikuwa akilijibu jukwaa kutoka jikoni kwake, bila hata kugeuka, mwiko ukiwa kwenye sufuria ya ugali. Alijua damu, alijua wembe, alijua mama na mtoto, alijua kwamba mbu haambukizi. Siku moja, fulana zikiwa zimekwisha na vijana wanakunja nyaya, alimwita mshika maiki.

“Mwanangu, hayo mnayosema tunayajua. Mimi nipimie wapi ambapo wateja wangu hawatanijua?”

Swali lake lilikuwa na uzito kuliko lilivyosikika siku ile. Kwenye vituo vingi vya afya wakati huo, chumba cha kupimia VVU kilikuwa na mlango wake na benchi lake, na mji mzima ulilifahamu benchi hilo. Mama anayeuza chakula akionekana ameketi pale asubuhi, mchana ugali wake unachacha. Angaza, huduma ya ushauri nasaha na upimaji iliyoanzishwa na shirika la AMREF mwaka 2001, iliwapa wateja namba badala ya majina, na hilo lilikuwa jambo kubwa. Lakini kwenye mji wa barabarani watu hawahitaji jina lako, wanakuona tu unaingia.

Huko Mwanza, watafiti walikuwa wanapima jambo hilo hilo kwa njia yao. Mradi wa MEMA kwa Vijana uligawa jumuiya 20 za vijijini katika mafungu mawili: fungu moja lilipata masomo ya afya ya uzazi shuleni, huduma rafiki kwa vijana, kondomu na shughuli za hamasa, jingine halikupata. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2007 yalikuwa machungu kuyameza. Vijana walijua zaidi, mitazamo yao ilibadilika, waliripoti mwenendo wenye nafuu. Maambukizi ya VVU hayakupungua. Hakuna aliyesema elimu ni bure, na asiseme. Ila mtu aliyezoea kushika maiki akiisoma ripoti ile anaelewa kwa nini fulana zote zile hazikumsaidia yule mama wa ugali.

Aliyeleta suluhisho kwenye timu ya Makambako ni muuguzi mstaafu ambaye kila mtu alimwita Sista. Hakuwa mpenzi wa jukwaa. Wakati wa ngoma alikaa ndani ya gari akisokota uzi, akilalamika kwamba spika zinampandisha presha. Pengine ndipo wazo lilipotoka. Aliomba mashine ya kupima shinikizo la damu na kile kipimo kidogo cha sukari, akaweka meza mbele kabisa, mahali pa wazi, na maandishi makubwa: PRESHA NA SUKARI, BURE.

Foleni ikafika barabarani. Presha haina aibu. Mzee anajisifia nayo. Kila aliyemaliza mezani alipita nyuma ya turubai “kwa ushauri”, kila mmoja bila kubagua, na huko nyuma palikuwa na viti viwili viwili vilivyotenganishwa kwa kanga. Aliyetaka kupima VVU alipimwa. Asiyetaka aliambiwa apunguze chumvi. Wote walikaa muda unaokaribiana, na wote walitokea upande wa pili, penye ukuta wa gesti, si mbele ya watu. Aliyesimama barabarani asingeweza kujua nani amepima nini hata kama angekodoa macho hadi usiku.

Kipimo chenyewe hakitaki umeme wala maabara. Kinachotaka ni kidole, na Makambako mwezi wa sita vidole ni vya barafu. Sista alianza kwa kukishika kiganja cha mteja katikati ya viganja vyake akikisugua, au kumpa kikombe cha chai akumbatie, huku akimuuliza habari za shamba. Damu ikishuka ndipo anachoma ubavuni mwa kidole, pasipouma sana, anafuta tone la kwanza, la pili analipeleka kwenye kipimo, anadondosha na dawa yake. Halafu robo saa. Mstari karibu na herufi C unasema tu kwamba kipimo ni kizima. Wa pili ukijitokeza, kinaletwa kipimo cha aina nyingine kuthibitisha, na mtu haambiwi lolote la mwisho kabla ya hapo. Hiyo robo saa ilikuwa na kazi kuliko kampeni nzima. Pale ndipo mwanamke alipouliza afanyeje kama mume hataki kusikia habari ya mpira. Pale ndipo dereva aliyelitania jukwaa kwamba haiwezekani kula pipi na ganda lake alipouliza, kwa sauti ya chini, kama mtu anaweza kuwa na virusi na mkewe asiwe navyo. Anaweza, Sista alimjibu, na ndiyo maana mje wote wawili.

Kilichofuata kilikuwa kugeuza saa. Jukwaa likabaki mchana kwa sababu kibali cha spika kilikuwa cha mchana, lakini meza na turubai vikahamia usiku, kuanzia saa mbili, upande yanakolala malori. Wenzetu wa Kenya nao waling'amua jambo hilo hilo kwenye barabara ya Mombasa kwenda Malaba: upimaji wa usiku kwa wanaofanya kazi usiku, na makontena yaliyogeuzwa kliniki kwenye maegesho ya malori, kama ya North Star Alliance, shirika lililoanzishwa mwaka 2006 kwa ajili ya madereva na watu wanaoishi kwa kuwahudumia. Dereva hana nafasi ya kuacha shehena saa nne asubuhi akapange foleni ya kadi. Saa tatu usiku, akiwa ameshakula, anayo.

Kwamba kumfuata mtu alipo kunabadili mambo, si hadithi ya Makambako peke yake. Wilayani Kisarawe, mkoa wa Pwani, utafiti uliojulikana kama Project Accept ulipeleka upimaji wa kuhamahama vijijini pamoja na uhamasishaji na msaada kwa waliopima. Matokeo ya mwaka 2011 yalionyesha kwamba kwenye vijiji vilivyofuatwa, asilimia 37 ya walengwa walipima kwa mara ya kwanza. Kwenye vijiji vilivyoachiwa kituo cha kawaida, asilimia 9. Nchini Kenya na Uganda, utafiti wa SEARCH ulifanya kile alichokibuni Sista kwa kiwango kikubwa zaidi: katika jumuiya 32 ulichanganya VVU na magonjwa mengine, presha na kisukari vikiwemo, kwenye makambi ya afya ya kijiji, na wasiofika wakafuatwa nyumbani. Watu wazima karibu 9 katika kila 10 walipimwa. Kwa kawaida ya kazi hii, hiyo ni namba ya kumfanya mtu aisome mara mbili.

Viongozi nao walikuwa na sehemu yao, na si ndogo. Julai 14, 2007, Rais Jakaya Kikwete na mkewe, Mama Salma, walipima hadharani Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, kuzindua kampeni ya taifa ya upimaji. Kwa majuma kadhaa baada ya hapo, wazee waliokuwa wakiipita meza kama hawaioni walianza kusimama. “Kama mkubwa amechomwa kidole, mimi nani?” mmoja aliuliza, akijibanza nyuma ya koti lake. Wimbi lile lilishuka, kama mawimbi yote, lakini liliacha watu kwenye orodha ambao wasingekuwemo.

Wanaume ndio waliobaki wagumu, na mkoa wa Iringa, ambao Makambako ilikuwa sehemu yake kabla ya mkoa wa Njombe kuzaliwa mwaka 2012, ulikuwa na sababu ya kuwatafuta. Utafiti wa taifa wa 2007–08 uliukuta na kiwango cha juu kuliko mikoa yote: asilimia 15.7 ya watu wenye umri wa miaka 15 hadi 49, wakati kiwango cha taifa kilikuwa 5.7. Ni eneo ambalo kwa mila wanaume wengi hawakutahiriwa. Majaribio matatu, Orange Farm nchini Afrika Kusini, Kisumu nchini Kenya na Rakai nchini Uganda, yalikuwa yameonyesha kwamba tohara humpunguzia mwanamume hatari ya kuambukizwa na mwanamke kwa takriban asilimia 60, na mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani na UNAIDS wakaipendekeza. Mahema ya tohara yakaanza kuzunguka. Msimu wenyewe ulikuwa wa baridi, Juni hadi Agosti, kwa sababu watu wanaamini kidonda hupona vizuri wakati huo.

Wavulana wakamiminika. Baba zao hawakuonekana. Mtu mwenye ndevu na watoto wanne hawezi kukaa benchi moja na rafiki wa mwanawe wakingojea kisu kimoja; hilo lilihitaji kusemwa na mtu aliyekaa nao kilabuni, maana fomu hazikulisema. Palipotengwa siku zao, na mlango wao, wengine walikuja.

Somo la kuwafuata watu usiku halikuishia kwenye malori. Hata Mwenge wa Uhuru, unaokimbizwa nchi nzima kila mwaka, hubeba ujumbe wa mapambano dhidi ya UKIMWI, na mahema ya kupimia husimikwa kwenye mikesha yake. Wakosoaji wanauliza kama mkesha wenyewe, na pombe yake na giza lake, hauzalishi kile unachokikemea. Ni swali la haki. Lakini hema lililo wazi saa sita usiku mahali watu walipo lina manufaa kuliko zahanati nzuri iliyofungwa saa tisa na nusu.

Sehemu iliyokuwa ngumu kuliko zote haikuwa kuwaita watu. Ilikuwa kuwajibu waliokutwa na virusi. Mpango wa taifa wa dawa za kufubaza virusi bila malipo ulianza mwishoni mwa 2004, ila dawa hazikuwa za kila mmoja. Kwa kawaida ilibidi kinga ya mwili ishuke kwanza, chembe zake za CD4 ziwe chini ya 200. Aliye na 400 aliambiwa aendelee na maisha, ale vizuri, arudi kupima baada ya miezi. Timu ilikuwa imemtoa mtu gizani kwa ngoma na presha, ikampa habari nzito, kisha ikampa miadi. Wengi hawakurudi, na nani angewalaumu? Kikomo hicho kilipandishwa kwa hatua, na mwaka 2016 kikaondolewa kabisa: ukikutwa na VVU unaanza dawa. Huo uamuzi wa ofisini ulibadilisha kazi ya barabarani kuliko wimbo wowote uliowahi kupigwa.

Ulikuwa na msingi. Mwaka 2011 utafiti wa HPTN 052 ulionyesha kwamba kuanza dawa mapema hupunguza kwa asilimia 96 uwezekano wa kumwambukiza mwenza. Tafiti zilizofuata zikaenda mbali zaidi: virusi vikifubazwa hadi visionekane kwenye kipimo, haviambukizwi kwa kujamiiana. Kusema hivyo mbele ya watu waliokulia chini ya mabango ya mafuvu kulihitaji uvumilivu. Walidhani wanadanganywa. Picha ya kutisha haichukui hata siku moja kuingia kichwani, lakini kuitoa kumechukua miaka ishirini na bado haijatoka yote. Muulize mpangaji yeyote aliyeonekana na kopo la dawa.

Halafu kuna utingo mmoja. Alikuwa kijana wa miaka kama ishirini na mitatu, kofia ya sufu hadi kwenye nyusi. Baada ya robo saa yake na kipimo cha pili, hakulia wala hakunyamaza. Aliuliza: “Sista, dawa nichukulie wapi? Mimi wiki hii niko hapa, wiki ijayo Lubumbashi, nikirudi sijui kama ni Dar au Tunduma.” Kadi ya kliniki ilikuwa ya kituo kimoja, na tarehe ya kila mwezi. Foleni ya Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo, haijui tarehe za kliniki. Sista alimwandikia barua ya kwenda nayo kituo chochote, akamwambia aiweke pamoja na leseni ya dereva wake, kwa sababu leseni haipotei. Miaka mingi baadaye utaratibu wa kutoa dawa za miezi mitatu, na hata sita, kwa walio imara ulikuja kumfaa mtu kama yule. Waliouhitaji walikuwa wameuelezea mapema sana nyuma ya turubai.

Viwango vimeshuka. Utafiti wa 2022–23 uliikuta Tanzania na asilimia 4.4 ya watu wenye miaka 15 na zaidi wanaoishi na VVU. Njombe ilibaki juu, asilimia 12.7, na sehemu ya sababu ni njema: watu wanaishi, hawafi kama zamani. Tangu sheria ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2019, mtu anaruhusiwa pia kujipima mwenyewe, chumbani kwake gesti akitaka, na kijana wa miaka 15 hahitaji ruhusa ya mzazi kupimwa.

Januari 2025 Marekani, ambayo kupitia mpango wake wa PEPFAR ililipia sehemu kubwa ya kazi hii, ilisimamisha misaada ya nje. Dawa zilitafutiwa njia. Waliotangulia kurudishwa nyumbani ni watu wa ngazi ya jamii: waelimishaji rika, wafuatiliaji wa walioacha dawa, watu wa usiku. Ndio wasioonekana kwenye bajeti, kwa sababu hawana jengo wala mitambo. Zana zao ni rahisi: mashine ya presha inatumia betri za kawaida, na turubai linakodishwa. Ukilinganisha na gari lenye jukwaa na spika, ni fedha ya mboga. Mwandishi, ambaye aliipenda ile maiki, angeiacha spika ife kwanza.

Mwaka huo huo, mwezi Juni, Marekani iliidhinisha lenacapavir kwa kinga dhidi ya VVU, sindano inayochomwa mara mbili tu kwa mwaka, na Julai Shirika la Afya Duniani likaipendekeza. Kwa dereva wa lori na kwa dada wa baa hakujawahi kuwa na kinga inayoendana na maisha yao kiasi hicho: hakuna kidonge cha kila siku cha kufichwa, hakuna ubishi wa usiku. Ila inataka mtu apimwe kwanza, inataka mtaalamu wa kuichoma, na inataka mteja apatikane tena baada ya nusu mwaka, popote lori lake litakapokuwa.